Togwa na Pombe: Ndugu wa Chungu Kimoja

1. PALIZI YA MKULIMA

Katika nyanda za juu za Mbozi, mkoa wa Songwe, mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba, na baada ya majuma machache mahindi huota pamoja na magugu. Hapo ndipo kazi ya palizi huwa nyingi, hata mtu na watu wa nyumba yake hawaiwezi peke yao. Kwa sababu hiyo wakulima tangu zamani wana desturi ya kuitana: leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Mwenye shamba hawalipi fedha wale waliokuja kumsaidia, ila huwapa chakula na kinywaji. Na kinywaji hicho siku za kale kilikuwa ni pombe.

Palikuwa na mkulima mmoja aliyekaa karibu na Mbozi Mission, kituo cha zamani cha Wamoravian kilichoanzishwa mwaka 1899. Mkulima huyo katika ujana wake alikuwa mnywaji sana, hata akaugua. Mganga wa hospitali akamwambia aache pombe kabisa, naye akaacha. Miaka miwili ikapita asionje hata tone moja. Lakini jambo moja lilimsumbua. Majirani walipokutana jioni, kibuyu kilizunguka toka mkono huu hata mkono ule, naye ilimpasa kukaa mbali au kubaki nyumbani. Alikuwa ameacha pombe, lakini hakutaka kuwaacha watu.

Mwaka huo zamu yake ya palizi ilipofika, alimwambia mkewe, “Mama, nikiwapikia watu pombe, mimi mwenyewe sitaweza kukaa nao katika shamba langu. Na nisipowapa kitu, hawatakuja tena.”

Mkewe akajibu, “Tutapika togwa. Wewe utakunywa kibuyu kile kile watakachokunywa wao.”

Basi siku ya Jumanne mama huyo akapika chungu kikubwa cha togwa, ili kinywewe Jumatano. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, akatwaa kipande cha mkaa akaandika ukutani, juu ya chungu: JUMANNE, SAA 10 JIONI. Mama akamwuliza, “Unaandika nini?” Binti akasema, “Naandika siku yake ya kuzaliwa.” Mama akacheka.

Usiku ule mvua kubwa ikanyesha. Ikanyesha Jumatano kutwa, na Alhamisi, na Ijumaa hata mchana. Hakuna mtu aliyeweza kutia jembe katika tope. Na chungu kilikaa kimefunikwa penye joto la jiko.

Ili kufahamu yaliyotokea baadaye, yafaa kwanza kujua togwa ni nini, na hufanywaje.

2. KIMEA

Togwa ni kinywaji cha nafaka, kitamu, chenye uchachu kidogo. Watu wa sehemu nyingi za Tanzania hukinywa, wakubwa kwa watoto. Kazi yake huanza siku nyingi kabla ya kupikwa, maana lazima kwanza kiwepo kimea.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, kisha ikakaushwa na kusagwa. Nafaka ipendwayo sana kwa kazi hii ni ulezi. Hufanywa hivi. Ulezi huoshwa, ukalowekwa majini siku nzima. Kisha maji humwagwa, na ulezi hutandazwa katika ungo au juu ya gunia safi, ukafunikwa ili usikauke. Baada ya siku mbili au tatu huonekana vichipukizi vyeupe. Hapo huanikwa juani hata ukauke kabisa, ukasagwa kuwa unga.

Kwa nini mbegu ioteshwe kwanza? Mbegu ni kama ghala iliyofungwa. Ndani yake mna wanga mwingi, ambao ni chakula cha mche mchanga. Lakini mche hauwezi kuula wanga vivi hivi. Ni lazima uvunjwe uwe sukari. Kwa hiyo mbegu ianzapo kuota hutengeneza vimeng’enya, navyo ni kama wafanyakazi wenye shoka: huukata wanga vipande vidogo vidogo vyenye utamu. Mkulima aikaushapo mbegu iliyoota, huwatuliza wafanyakazi hao bila kuwaua. Unga wa kimea ni wafanyakazi waliolala, wakingojea maji na joto.

Kimea chenye ukungu kisitumike kamwe, ingawa mwenyewe anaona hasara kukitupa. Ukungu mwingine huacha sumu ndani ya nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

3. KUPIKA TOGWA

Kwa chungu cha watu wengi huweza kutumiwa lita 10 za maji, kilo 1 ya unga wa mahindi au wa mtama, na robo kilo ya unga wa kimea. Kwanza hupikwa uji wa kawaida, nao huachwa uchemke vizuri. Kisha huondolewa motoni upoe.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka, vile vimeng’enya huharibika mara moja, na uji hubaki mzito vile vile. Lakini uji ukipoa, hata mtu aweza kutia kidole na kuvumilia, kimea hutiwa na kukorogwa. Mara jambo la ajabu huonekana. Uji uliokuwa mzito huanza kulegea, na baada ya muda mfupi hutiririka kama maziwa. Tena ukionjwa huwa mtamu, wala hakuna aliyetia sukari. Wanga umekatwa, umekuwa sukari.

Kisha hufunikwa na kuachwa usiku kucha. Wengine hutia kikombe kimoja cha togwa ya zamani ili kuiharakisha, kama vile watu watiavyo maziwa ya mgando katika maziwa mapya. Asubuhi huchujwa, nayo togwa iko tayari. Vyombo vyote na viwe safi, na maji yoyote yanayoongezwa baadaye na yawe yamechemshwa, kwa kuwa kimea hutiwa kikiwa kibichi.

4. WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Usiku ule, mwenye nyumba alalapo, katika chungu kazi haikomi. Mna viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wametoka katika kimea, katika chungu, katika kikombe cha togwa ya zamani. Nao ni wa makundi mawili.

Kundi la kwanza ni bakteria wale wale wagandishao maziwa. Hawa hula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo iletayo ule uchachu wa kupendeza. Faida yake si ladha tu. Watu wa elimu hupima uchachu kwa namba: maji safi ni 7, na kadiri kitu kizidivyo kuwa kichachu, namba hupungua. Togwa iliyokaa siku moja yaweza kushuka chini ya 4. Katika uchachu huo vijidudu vingi viletavyo kuhara haviwezi kustawi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania walichunguza watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa njia hii, wakaona ya kuwa uji huo huwasaidia kujikinga na kuhara. Bibi zao walijua zamani kwamba togwa yamfaa mtoto. Watafiti wakaonyesha sababu.

Kundi la pili ni hamira. Hawa pia hula sukari, lakini hutoa vitu vingine: hewa, ambayo ndiyo mapovu, na kileo. Kileo ndicho kitu kile kilevyacho, kilichomo katika pombe ya ulezi, katika bia ya kiwandani, katika mvinyo wa zabibu, na katika tembo la mnazi. Majina ya vinywaji ni mengi, lakini kileo ni kile kile.

Basi tazama neno hili: makundi yote mawili yamo katika chungu kimoja, nayo yanakula chakula kimoja. Hakuna chungu cha togwa kisicho na hamira hata kidogo. Mwanzo bakteria wana mbio, na hamira ni wachache. Hamira huongezeka polepole, saa kwa saa. Chungu kikiachwa siku mbili au tatu penye joto, kileo huongezeka. Tena apikaye pombe hutia kimea kingi zaidi na kungoja siku zaidi kwa makusudi. Kwa hiyo togwa na pombe ni ndugu wa chungu kimoja, na kinachowatenga ni wakati.

Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Mtu anayeepuka kileo aweza kukikimbia kilabuni, akakikuta jikoni mwake mwenyewe.

5. ALAMA ZA KUGEUKA

Je, togwa iliyogeuka hutambulikanaje? Ziko alama tatu. Ya kwanza ni ulimi: togwa njema ni tamu na chachu, lakini iliyogeuka utamu umepungua, nayo huuma ulimi. Ya pili ni macho: mapovu mengi hupanda juu, na kifuniko husukumwa. Ya tatu ni pua: harufu yake huwa kama ya kilabu.

Lakini alama hizo zote huchelewa. Kileo kidogo huwamo kabla ulimi haujakihisi. Kwa hiyo njia bora ni kuhesabu saa. Mtu anayetaka kuepuka kileo, na mama ampaye mtoto mchanga, na wanywe togwa ya siku moja, wala si ya juzi. Yafaa pia kukiweka chungu mahali pa baridi, maana hamira hupenda joto. Na mtu akitaka kuiweka togwa zaidi kidogo, aweza kuichemsha mara inapokuwa tayari, maana moto huua hamira, kisha aitie katika chombo safi chenye kifuniko. Lakini kuchemsha si dawa ya togwa iliyokwisha kuwa pombe, kwa kuwa mchemko mfupi hauondoi kileo chote.

6. NDUGU WENGINE WA TOGWA

Jambo hili si la Mbozi peke yake. Mtu akitoka Mbozi akaenda Tunduma, akavuka mpaka mpaka Nakonde, ameingia Zambia. Huko watu hunywa munkoyo. Nao hawatumii kimea tu kuulegeza uji wa mahindi. Hutumia mizizi ya mmea wa porini, iliyopondwapondwa. Mizizi hiyo nayo ina vimeng’enya vya kuukata wanga. Munkoyo mpya ni mtamu. Ukikaa siku nyingi, hulevya.

Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, watu hufanya bushera kwa mtama au ulezi ulioota. Bushera ya siku ya kwanza ni ya watoto na wakubwa. Ikiachwa siku kadhaa huwa kali, nao huipa jina jingine, muramba. Huko Buganda maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa sasa hivi huitwa omubisi, nayo hayalevyi. Yakitiwa mtama na kuachwa, huwa pombe.

Pwani mgema akishuka mnazini asubuhi, huwa na tembo tamu. Jioni lile lile huitwa tembo kali. Na mgema hana namna ya kuzuia, kwa sababu hamira wamo katika chombo chake tangu tone la kwanza. Ndivyo ulivyo ulanzi wa Iringa na Njombe, maji ya mwanzi mchanga: utamu wake haudumu.

Tazama jinsi watu hao walivyo na busara. Wamekipa kinywaji majina mawili, moja la kabla ya kugeuka na moja la baadaye, ili mtu asidanganyike. Hatari iko pale ambapo jina moja hutumiwa kwa yote mawili.

7. BIA ZISIZO NA KILEO KATIKA CHUPA

Siku hizi madukani, hata katika miji kama Vwawa na Tunduma, huuzwa chupa na makopo ya vinywaji vya kimea visivyolevya. Navyo hutengenezwa kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni ya mtu asiyefungua mlango. Kiwanda hutengeneza maji matamu ya kimea cha shayiri, lakini hakitii hamira kabisa. Kinywaji huwa kitamu, cheusi au cha rangi ya dhahabu, nacho hakikuwa bia hata siku moja.

Njia ya pili ni ya mtu afungaye mlango mapema. Hamira hutiwa, lakini huzuiwa kwa baridi kabla hawajatoa kileo kingi.

Njia ya tatu ni ya mtu amtoaye mgeni aliyekwisha kuingia. Bia hupikwa kamili, kisha kileo huondolewa. Kileo huchemka katika joto la digrii 78, hali maji huchemka katika digrii 100. Kwa hiyo bia ikipashwa moto, kileo hutangulia kuondoka. Lakini moto mwingi huharibu ladha. Basi kiwandani hupunguza hewa ndani ya pipa, na kileo hutoka katika joto dogo zaidi. Wengine huipitisha bia katika vichujio vyenye matundu madogo mno.

Je, bia hizo hazina kileo hata kidogo? Hapo ni lazima kusoma maandishi ya chupa. Bia ya kawaida mara nyingi huwa na kileo asilimia 5 hivi. Ujerumani, bia yaweza kuitwa isiyo na kileo hata ikiwa na nusu ya asilimia, yaani 0.5. Kipimo hicho cha nusu ya asilimia kilijulikana sana Marekani zamani, wakati serikali ilipokataza vileo nchi nzima toka mwaka 1920 hata 1933. Viwanda vya bia viliruhusiwa kuuza tu bia iliyo chini ya kipimo hicho. Chupa nyingine za siku hizi huandikwa 0.0.

Tufanye hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Chupa kama hiyo yenye 0.5 ina mililita 2 na nusu. Tofauti ni kubwa, wala mtu mzima hawezi kulewa kwa chupa moja ya namna ya pili. Lakini “kidogo” na “hakuna” si neno moja. Mwislamu aepukaye kileo kwa sheria ya dini yake, mama mjamzito, na mtu aliyekatazwa kabisa na mganga, hao hutaka kujua lipi kati ya maneno hayo mawili limo katika chupa.

Liko na jambo jingine. Mtu aliyekuwa mlevi akaacha, aweza kuamshiwa kiu ya zamani na ladha na harufu ya bia, hata bia isiyo na kileo. Wengine hawadhuriki, na wengine huanguka. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo asilazimishwe na rafiki zake kwa kuambiwa, “Kunywa, hii si pombe.” Yeye ndiye ajuaye moyo wake. Tena anywaye pombe nyingi kila siku asiache ghafula pasipo msaada wa hospitali, maana mwili uliozoea waweza kutetemeka na hata kupata kifafa.

8. VINYWAJI VYA KARAMU

Si lazima kila kinywaji cha furaha kifanane na pombe. Nchi ina matunda mengi, na mtu mwenye akili huweza kuyachanganya. Tangawizi iliyopondwa ikachemshwa, ikatiwa sukari na maji ya ndimu, huwasha koo kwa namna ipendezayo. Wengi waliozoea ukali wa pombe huipenda. Pwani hufanya maji ya ukwaju na ya ubuyu, na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Nyanda za juu zina pasheni, machungwa, na mapera. Maji ya pasheni vikombe viwili, ya machungwa vikombe viwili, ya tangawizi kikombe kimoja, na maji baridi yaliyochemshwa vikombe vitatu, hayo ni kinywaji cha arusi.

Lakini matunda nayo yana sukari, na hamira hukaa juu ya maganda yao. Maji ya maganda ya nanasi yaliyoachwa siku tatu katika mtungi si maji ya nanasi tena. Sheria ni ile ile: kinywaji kipya kinywewe kipya.

Tena iko adabu ya kukaribisha. Mwenye karamu asimpe asiyekunywa pombe maji katika kopo la bati, hali wengine wana bilauri. Mtu ampaye mgeni wake bilauri nzuri kama ya wenzake, wala asimwulize sababu mbele ya watu, amemheshimu. Wengi walioacha pombe hawakurudi kwa sababu ya kiu. Walirudi kwa sababu ya upweke.

9. SIKU YA JUMAMOSI

Sasa turudi kwa yule mkulima. Ijumaa alasiri mvua ilikatika, na habari ikaenea ya kuwa kesho kutakuwa na palizi. Jirani mmoja mzee akapita kusalimu. Binti akapiga goti, “Shikamoo, babu.” “Marahaba, mjukuu wangu.” Mzee akasogea jikoni akafunua chungu. Povu likapanda. Akachota kidogo, akaonja, akatabasamu.

“Mama,” akamwambia mwenye nyumba, “hiki sasa ndicho kinywaji cha kazi. Usiongeze kitu.”

Mkulima akasikia ile harufu toka mlangoni. Akasimama. Akasema polepole, “Lakini ni togwa, sivyo? Mke wangu aliipika iwe togwa.”

Mzee akajibu, “Jina lake ni togwa. Nani atasema ulikunywa pombe?”

Mama akanyamaza. Chungu kilikuwa kikubwa, na unga wa kilo nzima si kitu cha kutupa katika mwezi wa njaa. Naye alimwona mumewe anatazama kibuyu.

Binti akasema kwa heshima, “Baba, babu, tazameni ukutani. Toka Jumanne saa 10 hata sasa, Ijumaa saa 10, ni siku 3. Ni saa 72. Mwalimu alitufundisha tuhesabu saa, tusiulize jina.”

Hakuna aliyejibu. Kisha mkulima mwenyewe akakishika chungu kwa mikono miwili, akakipeleka nje, akamwaga shimoni mwa mbolea. Mzee akaguna, “Uharibifu!” akaenda zake.

Kimea kilichobaki katika debe kilikuwa kidogo, hakikutosha chungu kikubwa. Mama akapika nusu ya kiasi jioni ile ile, akakiweka chungu mbali na jiko. Na alfajiri binti akaponda tangawizi, akachemsha sufuria mbili, ili kuongezea.

Jumamosi watu wakaja. Walipoona togwa na tangawizi, baadhi yao walinung’unika, na vijana wawili wakaondoka mchana kwenda kutafuta kilabu. Waliosalia wakalima. Saa 11 jioni ilibaki mistari mitatu, nayo mkulima akaimaliza mwenyewe siku ya Jumatatu. Lakini jioni ile, wakati kibuyu kilipozunguka, kilifika mkononi mwake. Akakipokea, akanywa, akampa mzee aliyeketi kando yake. Maana mzee naye alikuja, na jembe lake begani. Mzee akanywa, akafuta midomo.

“Ni tamu,” akasema. “Mmeipika lini?”

MANENO YA KUKUMBUKA

Kimea: unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa.
Kimeng’enya: kitu kilichomo katika mbegu kikatacho wanga kuwa sukari.
Hamira: viumbe vidogo vilavyo sukari na kutoa hewa na kileo.
Kileo: kitu kilevyacho kilichomo katika kila pombe.

MASWALI

1. Kwa nini ulezi huoteshwa kabla ya kusagwa kuwa kimea?
2. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka, hutokea nini? Eleza sababu.
3. Taja makundi mawili ya viumbe yaliyomo katika chungu cha togwa. Kila kundi hutoa nini?
4. Bushera hugeuka kuwa nini? Majina mawili yana faida gani?
5. Chupa ya mililita 330 imeandikwa 0.5. Ina mililita ngapi za kileo? Na chupa kama hiyo yenye asilimia 5 je?
6. Togwa ilipikwa Jumapili saa 12 jioni. Jumanne saa 12 asubuhi itakuwa imekaa saa ngapi? Je, yamfaa mtoto mchanga?
7. Mzee alisema, “Jina lake ni togwa.” Kosa la maneno hayo ni nini?
8. Waulize wazee wa nyumbani kwenu jinsi wapikavyo togwa. Andika habari hiyo katika daftari, pamoja na muda wa kila sehemu ya kazi.